Nani Atasimama Kukuokota: Habari za Manowari Helena

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa juzi hapa Mombasa kwa mabaharia wastaafu na vijana wanaotaka kazi ya meli. Nimeyaandika vile vile nilivyosema, nimetoa tu yale ya kukohoa na ya simu kulia.)

Wazee wangu shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingieni jamani, viti viko huku mbele, hakuna mtu anang'ata. Nimeambiwa dakika arubaini na mimi nikishika maiki huwa siachi, kwa hiyo mkiona nimezidi mtu anivute shati.

Wengi wenu mwanijua, nimekula chumvi ya meli miaka 19, chumba cha mashine, kule chini kusikoingia jua. Kule chini kitu kikigonga meli wewe ndiwe wa kwanza kujua na wa mwisho kutoka. Sasa leo nataka niwape habari za meli moja ya vita ya Wamarekani ikiitwa Helena, ilipigana kule Pasifiki, maanake kila nikiisoma habari yake narudi kwa swali moja tu, ukiwa majini usiku, mafuta yamekuingia machoni, nani atasimama kukuokota?

Kwanza tuelewane. Manowari sote twajua. Lakini manowari si moja, kuna zile kubwa kabisa za mizinga minene na vyuma vinene, kuna distroya ambazo ni ndogo na mbio, na katikati pale ndio kuna kruza. Helena ilikuwa kruza nyepesi. Mtu wa hapa akitaka kujua kruza nyepesi ni nini aende pale nje ya Fort Jesus, kuna mzinga umewekwa, watoto wanaupanda kupiga selfi. Ule ni wa Königsberg, kruza nyepesi ya Mjerumani, ile iliyoizamisha Pegasus ya Mwingereza pale bandarini Zanzibar Septemba 1914, alafu ikaenda kujificha Rufiji hadi ikamalizwa Julai 1915, na Wajerumani wakaichomoa mizinga wakaiburuta bara wakaendelea kupigana nayo. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya upana wa sentimita 10 na nusu. Helena ilikuwa na 15, ya sentimita 15, imepangwa mitatu mitatu. Kombora moja lake ni kilo 59 hivi, yaani chukua mfuko wa saruji ongeza na mtoto wa miezi kadhaa juu yake, na kila mzinga unatupa hivyo mara 8 mpaka 10 kwa dakika. Watu karibu 900 ndani yake. Nyepesi ni jina tu bana.

Iliingia kazini Septemba 1939, na jina ilipewa la mji mkuu wa Montana, mji uko milimani huko hata bahari hawaijui. Safari yake ya kwanza ilienda Amerika Kusini na pale Montevideo mabaharia wake wakapelekwa kuangalia mabaki ya Graf Spee, meli ya Mjerumani iliyozamishwa na nahodha wake mwenyewe. Vijana wa meli mpya wanatembezwa juu ya maiti ya meli nyingine. Mimi ningekuwa mkubwa wao nisingewapeleka, ni nuksi, lakini mimi ni mtu wa pwani na wao ni watu wa Montana.

Twende Pearl Harbor, bandari ya manowari za Wamarekani kule Hawaii, siku ile Wajapani walipoishambulia kwa ndege. Tarehe 7 Disemba 1941, Jumapili asubuhi, saa mbili haijafika. Helena imefunga kwenye gati linaloitwa 1010, kwa sababu urefu wake ni futi 1,010. Sasa siku zote mahali pale pakikaa Pennsylvania, ile manowari kubwa, lakini siku hiyo Pennsylvania ilikuwa imepandishwa kwenye gati kavu inatengenezwa, kwa hiyo Helena imekalia kiti cha mkubwa, na ubavuni mwake upande wa maji imefungwa Oglala, meli kuukuu ya kutega maboya ya kulipuka. Rubani wa Kijapani akaja anajua pale pana manowari kubwa, akaachia topido, yaani lile bomu lenye injini linaloogelea chini ya maji. Ile topido ikapita chini ya Oglala, ikaja kulipukia Helena.

Na hapo pana jambo la kifundi, wale mafundi wenzangu mtalipenda. Bandari ile kina chake ni kama mita 12 tu na topido ya kawaida ikidondoshwa kutoka kwenye ndege inazama kwanza sana kabla haijainuka, ingejikita kwenye matope. Wajapani wakaifunga mapezi ya mbao kwa nyuma ili isizame sana. Mbao tu! Seremala wa hapa Kuze angeweza kuzitengeneza.

Helena ikapoteza watu zaidi ya 30 pale pale, wengine wakaungua vibaya. Lakini milango ya chuma ilifungwa haraka, maji yakazuiwa, mizinga ya kutungulia ndege ikaanza kujibu. Oglala ambayo topido haikuigusa ndiyo iliyozama, mlipuko ulizibandua bati zake za ubavuni, ikajilaza ubavu. Mabaharia kwa utani wao wakasema ile ndiyo meli pekee iliyokufa kwa woga. Hakufa hata mtu mmoja wa Oglala.

Basi Helena ikatiwa viraka ikapelekwa California, kiwanda cha meli cha Mare Island, na iliporudi 1942 ilikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, rada mpya ya mawimbi mafupi, iliyokuwa inachora picha ya bahari na visiwa na meli kama ramani mbele yako. Na vita vya Guadalcanal, huko visiwa vya Solomon, vilikuwa vya usiku. Wajapani walikuwa wamejifunza usiku miaka na miaka, macho yao na darubini zao na zile topido zao zinazokwenda kwa oksijeni, hazitoi mapovu ya kuonekana na zinafika mbali kupita alivyofikiria Mmarekani yeyote.

Oktoba 11 usiku, Cape Esperance, rasi ya kisiwa hicho cha Guadalcanal. Admirali Norman Scott anaongoza, lakini yeye amepanda San Francisco ambayo rada yake ni ya zamani. Helena, chini ya Kapteni Gilbert Hoover, ndiyo iliyowaona Wajapani kwenye rada wakiwa zaidi ya kilomita 25. Wanakuja, wanakuja. Scott yuko na wasiwasi kwa sababu ametoka kugeuza msafara wake na distroya zake zimeachwa nje ya mstari, hajui hivyo vidoa ni adui ama ni wenzake. Hoover akachoka kungoja, akaita redioni akiuliza kwa neno la siri, Roja? Maana yake nipige? Scott akajibu Roja. Maana yake nimekusikia. Lakini kwenye kitabu chao cha siri neno hilo hilo pia ni ruhusa ya kupiga. Helena ikafungua mizinga yote 15.

Mnacheka, lakini nani hapa hajawahi kusema sawa kwenye redio akimaanisha nimekusikia na mwenzake akafungua valvu? Mimi nimeona dizeli imemwagika sakafu nzima kwa sawa moja.

Wajapani hawakutegemea kabisa. Admirali wao Goto akaumizwa akafa, kruza Furutaka ikazama, distroya Fubuki ikazama, kwa upande wa Wamarekani ikazama distroya Duncan na Boise ikaumia sana. Helena ikatoka karibu nzima. Na kabla ya hapo, Septemba ile, ilikuwa imeshaokota watu kama 400 wa Wasp, meli ya kubeba ndege iliyopigwa na sabmarini. Shikeni hilo la kuokota, nitalirudia.

Sasa Novemba 13, 1942, siku ya Ijumaa. Usiku ule Wajapani wameleta manowari mbili kubwa, Hiei na Kirishima, na msafara wa Wamarekani ukaingia katikati yao gizani, zikawa zinapigana kwa umbali wa kurushiana mawe. Walionusurika walisema ilikuwa kama ugomvi wa baa taa zikiwa zimezimwa. Admirali Callaghan akauawa, Scott yule wa Roja akauawa. Kulipokucha, mkubwa aliyebaki mzima ni Hoover wa Helena. Akakusanya waliobaki, San Francisco imetobolewa tobolewa, kruza nyepesi Juneau imelala kwa omo, yaani kwa mbele, inatambaa, na distroya chache, wakaanza kurudi.

Kabla ya adhuhuri sabmarini I-26 ikapiga topido. Zikaikosa San Francisco zikaipata Juneau. Haikuzama, ilipotea. Walioitazama wanasema ule moshi ulipopanda na kuondoka hapakuwa na meli tena. Ilikuwa na watu karibu 700.

Hoover akafikiria. Ana kruza moja imeumia, distroya chache, sabmarini iko hapo hapo chini, na kwa macho yake hakuna mtu angeweza kuishi kwenye mlipuko ule. Akaipa ndege moja ya B-17 ujumbe kwa taa, itoe habari watu waje kutafutwa. Akaenda zake. Hakusimama.

Lakini walikuwepo hai. Zaidi ya 100. Na habari ile ya ndege haikufanyiwa kazi kwa haraka, ikalala kwenye makaratasi, na wale watu wakakaa majini siku nane hivi na jua na papa na kiu, mpaka wanaokotwa ni 10 tu. Kati ya waliopotea kulikuwa na ndugu watano wa tumbo moja, kina Sullivan wa Waterloo, Iowa, walioingia jeshini kwa sharti wasitenganishwe. Walionusurika walisimulia kwamba George, mkubwa wao, hakufa kwa mlipuko, alikuwa kwenye maboya akiwatafuta wadogo zake kwa majina.

Admirali Halsey, mkuu wa Wamarekani upande ule wa bahari, alipopata habari akamvua Hoover uongozi. Hapo hapo. Baadaye sana akakiri kwamba alikosea, kwamba Hoover angesimama angeweza kupoteza na Helena na San Francisco. Lakini kazi ya Hoover ya baharini ilikuwa imeshakwisha.

Wacha niseme langu kidogo. Miaka ile ya maharamia tulikuwa twapita nje ya Socotra tukaona mashua, mchana kweupe, watu wawili watatu wanapunga kitambaa. Kapteni wetu akaangalia kwa darubini muda mrefu alafu akaniambia kwa simu niongeze mzunguko. Nikaongeza. Alitoa ripoti redioni, nilimsikia mwenyewe. Mpaka leo sijui kama walikuwa maharamia wanatutega ama wavuvi wameharibikiwa na injini. Sasa mtu akiniambia Hoover alikuwa mwoga mimi simjibu, na mtu akiniambia Hoover alifanya sawa pia simjibu.

Helena ikapewa nahodha mwingine, Charles Cecil. Januari 1943 ikaingia kwenye vitabu kwa jambo jingine, ilikuwa meli ya kwanza kutungua ndege vitani kwa kombora lenye redio ndogo ndani yake, kombora linajua lenyewe kwamba ndege iko karibu na linalipuka bila kuigusa. Redio yenye valvu za kioo ndani ya kombora, inarushwa kutoka kwenye mzinga na haivunjiki. Mimi simu yangu ikianguka kutoka mfukoni imekwisha.

Tufike Kula Gulf, ghuba moja huko huko Solomon. Hapa ndipo nilikuwa nataka kufika toka mwanzo.

Usiku wa kuamkia Julai 5, 1943, Helena ilikuwa imeenda kupiga mizinga pwani ya New Georgia ili askari washuke. Baruti yake ile isiyotoa mwako ikaisha. Usiku uliofuata, wanarudi zao, wanaambiwa geukeni, distroya za Kijapani zinakuja. Wakageuka. Honolulu, Helena, St. Louis, na distroya nne, chini ya Admirali Ainsworth. Helena haina baruti ya giza imebaki na ile ya kawaida, ambayo kila ukipiga unawaka kama tanuri la mkate limefunguliwa mlango usiku. Na ilipiga sana, sana. Wakaizamisha Niizuki pamoja na admirali wao Akiyama, lakini kila mjapani aliyeko kule akawa hahitaji rada, anaitazama tu Helena inavyojiwasha. Topido tatu. Ya kwanza ikakata omo yote, mizinga ya kwanza na kila kitu kilicho mbele. Mbili nyingine zikapiga katikati, uti wa mgongo ukavunjika, ikajikunja kama kisu cha mfukoni na ikashuka.

Na wenzake hawakujua! Ainsworth anaiita redioni, Helena, Helena, kimya. Ni mpaka distroya zilipopita na taa zikamulika kitu kimesimama wima majini, omo peke yake, imesimama kama mnara, na namba imechorwa ubavuni, 50. Hiyo ndiyo namba ya Helena. Chini yake maji meusi ya mafuta yamejaa vichwa vya watu.

Distroya mbili, Nicholas na Radford, zikasimama.

Zilisimama na adui yuko bado kwenye ghuba ile ile. Zinashusha nyavu ubavuni, watu wanapanda wanateleza kwa mafuta wanarudi majini wanapanda tena, alafu rada inaona Mjapani anakuja, inabidi waache kuokota, waondoke kupigana, na wale waliobaki majini wanaona meli inaondoka. Halafu inarudi. Zaidi ya mara moja walifanya hivyo, kuondoka na kurudi. Walitoa watu zaidi ya 700. Kulipopambazuka ikabidi waondoke kweli kwa sababu ya ndege, lakini waliacha mashua zao pamoja na mabaharia waliojitolea kubaki nazo. Kijana wa meli nyingine kabisa, ameshaokoka usiku mzima, anaambiwa meli inaondoka nani atabaki na mashua, anasema mimi.

Kapteni Cecil na watu 88 wakafika kwenye kisiwa kidogo kwa mashua hizo, kesho yake asubuhi wakachukuliwa na distroya Gwin na Woodworth. Wiki moja baadaye Gwin yenyewe ikapigwa pale pale karibu na kisiwa cha Kolombangara ikazama. Ndivyo ilivyokuwa, aliyekuokota wiki hii wewe hujui ataokotwa na nani wiki ijayo.

Kundi la mwisho ndilo lililopata tabu. Kama watu 200 walikuwa wameng'ang'ania ile omo iliyokuwa ikizama polepole. Ndege ikapita ikawadondoshea majaketi ya kuelea na mashua za mpira, nne, moja haikufunguka. Majeruhi wakawekwa ndani, wazima wakaogelea pembeni wameshika kamba. Walitaka Kolombangara, upepo na mkondo ukawakatalia. Wale wavuvi hapa mwajua, mkondo hauna mjadala. Usiku wa pili watu wakaanza kuachia mikono, kimya kimya, mtu alikuwa hapa ubavuni kwako alafu hayupo. Asubuhi yake wakaona nchi, ni Vella Lavella, na Wajapani wako juu yake.

Waliotoka kuwapokea ni wenyeji, kwa mitumbwi yao. Watu wa Solomon ambao vita hii si yao, hawakuulizwa na mtu, wakijua Mjapani akiwakuta na mzungu wa Marekani mtumbwini ni kifo cha kijiji. Wakafikisha nchi kavu watu 165. Wakawagawa, wakawapandisha msituni, majeruhi wakabebwa, wakalishwa mihogo na viazi na chochote kilichopatikana. Alikuwepo mmishenari wa Kimethodisti, Silvester, na mlinzi wa pwani akiitwa Josselyn mwenye redio ya kujificha, yeye ndiye aliyetuma habari. Zaidi ya wiki moja doria za Kijapani zinapita chini na watu 165 wamekaa juu wananong'ona.

Usiku wa kuamkia Julai 16 meli zikaja kuwachukua, ndani kabisa ya maji ya adui. Dent na Waters zikasogea ufukweni, na distroya nne zikalinda nje, na kati ya hizo nne majina mawili mnayajua. Nicholas. Radford. Wale wale. Wakawapakia wote 165, pamoja na Wachina 16 waliokuwa wamekimbilia pale kisiwani wakijificha, hakuna aliyeuliza karatasi zao.

Helena ilipoteza watu 168. Ndiyo meli ya kwanza katika jeshi lao la maji kupewa ile nishani ya kikosi kizima iitwayo Navy Unit Commendation.

Mwaka 2018 meli ya utafiti Petrel, ya marehemu Paul Allen yule wa Microsoft, ikatafuta kule Solomon. Mwezi Machi iliikuta Juneau, kina cha zaidi ya mita 4,000. Muda si muda, mwaka huo huo, ikaikuta Helena pia, kina kama mita 860. Wakashusha kamera na taa, giza tupu, alafu ile namba ikatokea kwenye bati, 50, bado yasomeka.

Haya, mzee pale ananivuta shati kweli. Kahawa imefika na kaimati zinapoa, mwenye swali aniulize huku tukinywa.